Nukta ya Kachibora

Wenzangu wa chama,

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza mambo mawili. La kwanza, mbona tovuti yangu ya safari haifunguki. La pili, mbona pikipiki ikisimama nje ya studio nachungulia dirishani kabla sijaitikia hodi. Jibu la yote mawili ni moja. Nimejaribu kuwasimulia kwa vipande, huyu kipande cha Malakisi, yule kipande cha Myanga, na mwisho mmeanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Sasa nimeyaandika yote na kuyachapa kwenye karatasi, na tafadhali karatasi hii msiipige picha. Majina ya watu nimebadilisha, la mtoto hasa, na mkifika katikati mtaelewa kwa nini. Kachibora nimeiacha kama ilivyo kwa sababu haina tena cha kuficha.

Mnanijua mimi ni mwoga. Naogopa radi, naogopa ng'ombe asiyefungwa, naogopa hata simu ikilia alfajiri. Kwa mwoga huenda kicheko, wahenga walisema, na kicheko chenu nimekizoea. Safari hii sidhani mtacheka sana.

Kitale, kabla ya kufunga mkoba

Tovuti yangu mliisoma, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza inatengenezwaje. Msipojua hilo hamtaelewa kilichonitisha, kwa hivyo nivumilieni kidogo.

Nikienda mahali, napiga picha kwa simu. Hapo hapo narekodi sauti yangu nikitembea, maana nikingoja mpaka nifike nyumbani nasahau harufu ya mahali. Nikirudi studio, nikishamaliza picha za pasipoti za wateja, naunganisha simu na kompyuta kwa waya, nachagua picha chache, nazipunguza uzito. Hapo hakuna njia ya mkato. Picha ikitoka kwa simu ni nzito, na mtu wa bando dogo kule Kapsokwony atangoja ifunguke mpaka chai yake ipoe. Halafu nasikiliza sauti yangu, naandika maneno, nayapanga chini ya picha, na kupandisha kila kitu kwa kampuni inayonihifadhia tovuti, ambayo hata sijui iko nchi gani.

Kilichonipa maringo kilikuwa ramani. Simu inapopiga picha huficha ndani yake habari ya mahali iliposimama. Huioni ukitazama, lakini imo, kama chumvi ndani ya mchuzi. Ramani yangu ilikuwa inaisoma hiyo chumvi na kujiwekea nukta nyekundu yenyewe. Programu ya kupunguza picha huniuliza kila mara: tufute habari ya mahali, au tuiache? Kila mara nilijibu iachwe, kwa sababu bila hiyo ramani hubaki tupu. Basi nukta zikaongezeka, Kiminini, Kapenguria, Chwele, Kachibora, nami jioni nikawa nazitazama kama mtu anayetazama kuku wake wakiingia bandani.

Hiyo nukta ya Kachibora ilikuwa ya kibanda kimoja cha chakula nyuma ya mashine ya kusaga unga. Mwenye kibanda alikuwa mwanamke mnyamavu, chapati zake laini ajabu. Nilipotoa simu alifunika uso kwa leso.

"Sura hapana, madam," aliniambia. "Na jina pia hapana. Kuna mtu sitaki ajue niko wapi."

Sikumchokonoa. Nilipiga mikono yake tu ikisukuma chapati. Sikuandika Kachibora, niliandika "soko moja upande wa Cherang'any". Jina lake sikuliandika pia. Niliandika vile soko zima linavyomwita, Mama Hosana, kwa ajili ya binti yake aliyezaliwa Jumapili ya Matawi. Niliona nimemficha kabisa. Kwetu nani anajua jina la mama wa mtu? Mwanamke akishazaa, jina lake hukunjwa likawekwa sandukuni, na kuanzia hapo anaitwa kwa mtoto. Nilidhani hilo ni pazia. Sikukumbuka kwamba kuna watu ambao hawajawahi kumjua kwa jina lingine.

Muda mfupi baadaye nikapata ujumbe kupitia ukurasa wa mawasiliano. Mwanamume aitwaye Elia, mkulima wa tumbaku huko Malakisi, ati ni msomaji wangu. Alinisifu. Alisema hakuna anayeandika habari za tumbaku, nije nione majani yanavyofungwa kwenye vijiti na kukaushwa kwa moto. Nani asiyependa kusifiwa? Nikafunga mkoba.

Kitale hadi Bungoma

Tulikwama kabla ya Kamukuywa. Trela la miwa lilikuwa limelala ubavu barabarani na miwa imetawanyika, na watu wa pale, kama mnavyowajua, walikuwa wanasaidia kuiokota kwa kuipeleka nyumbani kwao. Niliteremka nikanunua mahindi ya kuchemsha, nikatoa simu, nikaanza kupiga picha ya bonde upande wa chini.

Mama mmoja akatoka shambani na jembe mkononi.

"Wewe ni wa barabara?" akaniuliza. "Mmekuja kupima tena?"

"Hapana, mama. Mimi ni mtu wa safari tu. Naandika kwa mtandao."

"Sasa hiyo picha ya shamba yangu, nani ataiona?"

"Mtu yeyote. Dunia nzima."

Akaegemea jembe. "Hata mwizi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinitazama nikifuta ile picha mbele yake, akaridhika, akanipa hindi lingine bure. Nililila nikingoja miwa iishe barabarani, na jua lilikuwa limeinama niliposhuka Bungoma.

Elia alikuwa amenipigia njia nzima. Umefika wapi? Umeshapita Kimilili? Unalala kwa nani? Unakuja peke yako? Nilimwambia mhudumu wa lojing'i niliyolala kwamba nina mwenyeji mwenye roho nzuri, anayejali wageni. Mhudumu, binti wa mjini anayetafuna bablishi, akaniambia, "Ama ni roho ya kujua tu." Nilimwona hana adabu.

Bungoma hadi Malakisi

Asubuhi nilikunywa chai na mandazi, nikafika Myanga, na kutoka hapo nikachukua bodaboda. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya murramu, ile changarawe nyekundu, ilikuwa imegeuka uji. Mara mbili dereva aliniambia nishuke tusukume. Alikuwa mchangamfu, ananitania kwa lafudhi ya kwetu.

"Madam, viatu yako ni ya Kitare kabisa. Huku tunavaanga gambuti."

Elia alikuwa amesimama kando ya barabara akitungoja, shati limepigwa pasi. Mtu mrefu, sauti ya chini, hana haraka. Alibeba mkoba wangu bila kuulizwa. Alinionyesha shamba, akanionyesha kibanda cha kukaushia, kirefu na chembamba, kuta za udongo, moto ukiwaka kwenye bomba chini na majani yakining'inia juu hadi darini. Harufu ile inaingia kooni na haitoki. Nilipiga picha nyingi. Yeye alikuwa anatazama simu yangu kuliko tumbaku yake.

"Ulinipata vipi?" nilimuuliza nikijikweza kidogo.

"Naandikanga tu majina kwa simu, dada. Naona nani yuko. Siku moja nikakuona wewe."

Nilidhani ana maana ya jina langu, Nanjala. Akina Nanjala wako wangapi Bungoma nzima? Hilo sikujiuliza.

Malakisi, mezani

Nyumbani tulimkuta mama yake, ambaye wote humwita Kukhu, yaani nyanya, bibi mwembamba mwenye shuka begani. Tangu tuingie alikuwa akimwita mwanawe "Elia". Elia, lete kuni. Elia, kamata ule jogoo. Walinichinjia kuku, kama desturi yetu ilivyo, na nikakaa kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe nikijiona mtu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Niliamini kabisa nimewaletea neema.

Tukingoja ugali, Elia akafungua tovuti yangu kwenye simu yangu. Alikuwa ameshaijua vizuri. Alipita haraka kurasa za Kiminini na Chwele, akasimama kwenye ile picha ya mikono.

"Huyu ni nani?"

"Mama mmoja tu. Hataki ajulikane."

"Anajua chapati."

"Sana!"

Aliitazama ile mikono kwa muda. "Iko sawa," akasema. Kisha, kwa upole uleule, "Na hii ramani yako, dada, inajua mahali namna gani?"

Wenzangu, mnajua mtu akiniuliza kazi yangu mdomo haufungiki. Nilimweleza yote. Nilimweleza habari ya chumvi ndani ya mchuzi. Nilimweleza kwamba nukta haikosei, inaonyesha hata upande wa jengo niliosimama. Alisema yeye anaona nyekundu tu upande wa milimani, hajui ni wapi. Nikamwonyesha. Weka vidole viwili hivi, uvitenganishe, ramani inakuja karibu. Tena. Tena. Mtandao wa pale ni wa kuombaomba, na ramani ikabaki miraba ya kijivu, inafunguka mmoja mmoja. Elia alikuwa ameinama mpaka nasikia anavyopumua. Mimi nikawa nasema, "Ngoja, inakuja, inakuja."

Kukhu akaingia na sinia ya ugali. Alisimama mbele yetu. Alitazama simu, akanitazama mimi, akasema polepole:

"Baba Hosana. Mwache mgeni akule kwanza."

Sijui niwaelezeeje. Kidole changu kilikuwa bado juu ya kioo, na mraba mmoja wa kijivu ulikuwa unaanza kuwa kijani. Niliibonyeza simu ikazima.

"Mtandao umekataa," nikasema.

"Hakuna haraka," akasema Elia. "Kula."

Ningefanya nini? Huwezi kuinuka mezani kwa watu na kuku yuko mezani. Ningeinuka angejua nimejua. Nikanawa, nikakata tonge. Elia akachagua kwenye bakuli, akanitolea firigisi. Mnajua firigisi kwetu ni ya mwenye boma, mwanamke hapewi. Akaiweka mbele yangu na kusema mimi ni mgeni mkubwa kuliko wote aliowahi kupata. Nikaitafuna. Ilikuwa kama kutafuna kifungo cha koti, na yeye ananitazama mpaka nilipomeza.

Muda wote nilikuwa nawaza jambo moja: yeye pia ana simu, na nimeshamfundisha vidole viwili.

Kukhu alinimiminia maji ya kunawa tulipomaliza. Alinishika kifundo cha mkono, akakishika muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. "Mulembe, mwanangu," akaniombea amani. "Sasa uende."

Malakisi hadi Myanga

Nilisema nimekumbuka kuna mteja ananingoja studio. Elia akasema sawa, akachukua kofia.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kukusindikiza. Mgeni haachwi aende peke yake, dada. Watu watasema nini?"

Ukikataa kusindikizwa umemtukana mwenyeji. Basi nikapanda bodaboda, dereva mbele, mimi katikati, Elia nyuma yangu. Njia yote kifua chake kilikuwa mgongoni mwangu. Alikuwa ananukia moshi wa tumbaku. Tulipovuka daraja akainamia sikio langu.

"Mtu akikutoka bila kukuaga, dada, na amebeba mtoto yako, si utataka tu kujua amefika wapi?"

"Utataka," nikasema.

"Ni hiyo tu. Kujua."

Dereva akaanza kuimba wimbo wa kanisa. Nilitamani asinyamaze. Niliomba pancha, nikaomba mvua, halafu nikaogopa kwamba pancha itatuacha mimi na huyu mtu porini, nikaomba tena ombi la kwanza lifutwe. Mungu sijui alinielewa vipi siku hiyo.

Myanga kulikuwa na watu wengi, soko limejaa, na mtandao una nguvu. Nilijua hilo kabla yeye hajasema.

"Hapa inashika," akasema. "Hebu fungua ile ramani."

"Simu imeisha chaji."

Hakuninunia. Alitoa yake mfukoni, akaibonyeza, akaguna. "Bando imeisha, bana. Ngoja hapa. Nanunua sasa hivi."

Akavuka barabara kuelekea duka. Kando yangu kulikuwa na pikapu ya mzee mmoja anayepeleka vitunguu Bungoma. Niliingia mbele bila kusalimia, nikafunga mlango.

"Mzee, twende."

"Mama, nafunga kamba."

"Funga ukienda!"

"Ati nifunge nikienda? Kamba inafungwa na mguu?"

Alifunga kamba ile kana kwamba anafunga zawadi ya harusi. Niliinama chini ya kiti nikajifanya natafuta kiatu. Alipowasha gari nikainua macho. Elia alikuwa nje ya duka na simu mkononi, ameinyanyua juu kidogo, na vidole viwili vya mkono wa pili viko juu ya kioo. Hakuwa ananitafuta mimi. Hakuwa ananihitaji tena.

Myanga hadi Kitale

Niliwasha simu. Mnajua simu ikijua una haraka inavyojivuta. Ilipofunguka niligundua jambo ambalo mtengenezaji wa tovuti anapaswa kulijua siku ya kwanza: kila kitu changu nilikuwa nakifanyia kwenye kompyuta, na kompyuta iko Kitale. Kwa simu sikuweza kuitoa nukta moja. Sikuweza kuitoa hata ile picha. Niliweza kuingia tu kwenye akaunti ya kampuni inayonihifadhia, na huko, chini kabisa, kulikuwa na kitufe cha kuzima tovuti yote.

Nikaandika neno la siri, likakataa. Nikaandika tena, likakubali. Kikaja kitufe, nikakibonyeza, kikaniuliza kama nina uhakika. Safari zangu zote zilikuwa humo, Jumamosi zangu zote, picha za mama yangu akiwa hai pale Kapenguria. Nikabonyeza ndiyo, na mtandao ukakatika.

"Simama!" nikampigia mzee kelele. "Rudi pale juu kwa kilima!"

Akasimama. Nikatoka nikasimama katikati ya nyasi nimeinua simu kwa mikono miwili, machozi yananitoka, nasema "tafadhali, tafadhali". Mzee akateremsha kioo.

"Mama, unaomba ama unatapika?"

"Naomba."

"Basi omba tu. Vitunguu haiozi leo."

Ikakubali. Niliifungua tovuti yangu kama msomaji wa kawaida, na mahali pa ramani, mahali pa kila kitu, palikuwa na ukurasa mweupe. Nilikaa chini kwenye nyasi. Mzee alinipa kitunguu kimoja, sijui kwa nini. Nafikiri hakuwa na kitu kingine cha kumpa mtu anayelia.

Bungoma nilipata ujumbe. Nauandika kama ulivyo: "Dada mbona umeniacha bila kuaga. Nimeona nukta zako ni nzuri. Nilikuwa nafungua na vidole mbili vile ulinifundisha ikakatika. Nijulishe ikirudi."

Niliusoma mara nyingi mpaka Kitale. Alifungua mpaka wapi? Aliona milima tu? Aliona jina la soko? Aliona paa la mashine ya kusaga? Mama Hosana hana simu, kwa makusudi, na mimi sikuwa na namba ya mtu yeyote pale ambaye ningeweza kumwamini. Nilifika Kitale giza limeingia, barabara ya Kachibora imefungwa na tope. Sikulala, nilikaa kitandani nimevaa viatu.

Kachibora

Kulipopambazuka nilikuwa barabarani. Kila mwanamume mrefu niliyempita alikuwa Elia. Kachibora ilikuwa inaamka, wachuuzi wa viazi wanashusha magunia, mashine ya kusaga imeshaanza kunguruma. Nilikizunguka kibanda kwanza nikitazama kama kuna mtu ndani. Mama Hosana alikuwa peke yake, anakanda unga.

"Madam wa picha! Mbona mapema hivi? Chai haijaiva."

Nikamwambia. Nilisema yote nikiwa nimesimama, mlangoni, bila kupumua. Hakupiga kelele wala hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aliendelea kukanda mpaka nilipomaliza.

"Alikuwa amefungua mpaka wapi?"

"Sijui. Ilikatika."

"Hujui?"

"Sijui, Mama Hosana. Pengine hakuona."

"Basi ameona," akasema. Akafuta mikono kwa leso. "Mimi siwezi lala na pengine."

Nilimwambia twende polisi. Akasema huko alishaenda zamani, mahali hatataja, akaambiwa arudi nyumbani akampikie bwana yake. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Kukhu bado anatembea?"

"Anatembea. Yeye ndiye alimwita Baba Hosana mbele yangu. Ndiyo nikajua."

Kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Huyo mama hamwitangi hivyo. Ndiye alinifungulia lango ile siku nilitoroka."

Baada ya hapo alifanya kila kitu haraka na kwa mpangilio, na nikaona kwamba si mara ya kwanza. Unga uliokandwa akampa jirani muuza mboga. Sufuria ya maharagwe akaiacha motoni, akamwambia jirani awauzie wateja wake wa asubuhi, wasije wakamkuta hayupo wakaanza kuuliza. Akakunja godoro. Akaenda mwenyewe shuleni, akarudi na Hosana, msichana mrefu mwenye sweta lililofupika mikono. Msichana alikuwa amebeba vitabu vyote vya dawatini. Mtihani wa gredi ya sita ulikuwa karibu.

"Tunarudi lini?" akamuuliza mama yake.

Mama yake akamfunga kifungo cha shingoni.

Pikapu moja ya viazi ilikuwa imeegeshwa karibu na mashine, nyingine ya kabichi mbele yake. Aliongea na dereva mmoja, kwa sauti ya chini, sikumwona ni yupi kwa sababu nilikuwa nambebea godoro na limenifunika macho.

"Njoo kwangu Kitale," nikamwambia. "Ulale studio mpaka tupange."

"Kwako ndiko atakuja kwanza."

"Basi niambie tu unaelekea upande gani. Nikutumie kitu. Nijue kama umefika."

Alinichukulia godoro mikononi. "Madam, wewe si mtu mbaya. Chapati yangu uliisifu na mimi nilifurahi, Hosana alinisomea kwa simu ya jirani. Lakini wewe ukijua kitu, dunia inajua." Akanielekeza kwa kidevu. "Geuka."

"Nini?"

"Geuka uangalie ukuta. Usione tunaingia gari gani."

Nikageuka. Nilisimama uso kwa uso na ukuta wa mashine ya kusaga, mabati yanatetemeka, vumbi la unga linaniingia puani. Nyuma yangu nilisikia godoro likitupwa, mlango ukifungwa, Hosana akisema kitu na kunyamazishwa. Nilisikia injini mbili. Nilitaka kugeuka, wenzangu. Sijawahi kutaka kutazama kitu katika maisha yangu kama nilivyotaka kutazama pale.

Mwanamke wa mashine akatoka na debe, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope.

"Mama, unangoja kusaga?"

"Hapana."

"Sasa unaangalia nini hapo kwa ukuta?"

"Niambie tu," nikasema, "zile gari zimeondoka?"

Akachungulia barabarani. "Zimetoka zote. Ile yenye ilibeba Mama Hosana imeshika barabara ya ku—"

"Usiniambie!" nikapiga kelele, nikaziba masikio kwa mikono miwili, nikafumba na macho.